Kivuli cha Bango

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeitwa ofisini kwa Mkuu wa chuo kabla hata sijavua kofia. Nikajua si heri. Mkuu akiwa na habari njema hukutumia ujumbe kwenye simu. Akiwa na mbaya hukuvutia kiti. Leo nimevutiwa kiti.

Kasema hivi: kozi yangu ya ufundi wa umeme wa jua ina wanafunzi wawili. Kozi ya kuoka na kupamba keki ina sitini na mmoja, wanaingia kwa zamu, na wengine wanasomea varandani wamesimama. Kwa hiyo Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, saa kumi jioni, kama rejista yangu haina majina kumi na mawili, kozi inafungwa. Karakana yangu anapewa Mwalimu wa Keki aweke majiko. Mimi naenda stoo.

Stoo. Mimi niliyepanda mapaa ya zahanati na shule mpaka magoti yakaota sugu, nikae mlangoni kugawa mifagio na sabuni.

Nikamwambia Mkuu kwamba kila mahali watu wanaachana na jenereta na mafuta, wanafunga paneli, na mafundi hawatoshi. Kwamba kuna mapaa yana paneli zimekufa kwa sababu ya waya mmoja uliolegea, na hakuna wa kupanda kuutazama. Akasema hotuba hiyo anaijua, aliniandikia yeye mwenyewe mwaka juzi. Kweli. Nilikuwa nimesahau.

Nimefika nyumbani nimenuna. Nimemkuta Kitinda kafungua redio ya mama yake juu ya meza ya kulia, kaichokonoa na mita yangu ya kupimia umeme. Kitinda ni kitinda mimba wetu, miaka kumi na tisa, kamaliza shule mwaka jana. Nimemnyang'anya mita. Nimemwambia akajaze ile fomu ya chuo cha utawala wa ofisi ambayo nilimtuma mlinzi wetu wa getini akaichukue mjini. Fomu iko juu ya kabati wiki ya tatu sasa. Kasema ataijaza. Mtoto huyu hana haraka na maisha yake hata kidogo.

Redio imepona. Lakini hilo silo tulilokuwa tunazungumza.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata jibu nikiwa nanyoa ndevu. Vijana hawachukii kazi, wanachukia jina la kazi. "Ufundi" linanuka jasho. Mtu hawezi kusimama mbele ya wakwe na neno kama hilo.

Kwa hiyo kozi imebadilika jina. Sasa ni Stashahada ya Uongozi na Usimamizi wa Nishati Endelevu. Nimeipiga chapa kwa herufi kubwa nikaibandika getini. Mambo yaliyomo ni yale yale: ngazi, koleo, bisibisi, waya.

Mke wangu kauliza stashahada hiyo inatolewa na nani, maana chuo chetu kinatoa cheti tu. Nimemwomba asiniletee maswali ya mkaguzi mezani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Wamekuja thelathini na wanne. Nimewahesabu mara mbili. Wengine na tai shingoni. Mmoja na mkoba wa kompyuta, na ndani hamna kompyuta, kaniambia anajiandaa. Nimejisikia mwepesi kama mtu aliyeshushwa gunia.

Nimewaongoza mpaka karakana. Mmoja kauliza ofisi ziko upande gani. Nikaonyesha ngazi. Mwingine kauliza kama msimamizi naye anapanda au anatuma watu. Nikajibu kwamba anapanda. Kauliza tena, taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurekebisha maneno yake. Nikajibu kwamba anapanda.

Saa nne wamebaki saba. Saa tano kabaki mmoja, nikaanza kumpenda, kumbe anamsubiri dada yake atoke kwenye keki.

Kumi na mmoja kati yao wamejiandikisha kwa Mwalimu wa Keki. Nimewaona dirishani mchana wanapiga mayai, tai zao wamezichomeka ndani ya aproni. Mwanamke huyu kaniletea kipande cha keki kwenye kisahani, eti cha kunishukuru. Nimemwambia sili vitu vitamu. Alipoondoka nimekila.

Mkuu kaja kulibandua tangazo langu kwa mkono wake.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Sawa. Nimelala nikilifikiria jambo hili na nimeona nilipokosea. Niliwaita. Mtu ukimwita anajifanya bibi harusi. Watu wanataka kile wanachonyimwa. Foleni ikiwa ndefu wanajipanga kabla hawajajua kinachouzwa.

Nimeandika kwa rangi nyekundu: KOZI YA UMEME WA JUA, NAFASI ZIMEJAA. Nimetundika getini. Nimekaa dirishani na chai yangu, nawasubiri waje kunibembeleza.

Saa nne kasorobo wametokea watatu. Vijana wawili wanaofanana, lazima ni ndugu, na binti mmoja kachomeka kalamu kwenye nywele. Wamesoma. Wamesemezana na mlinzi. Wamesoma tena. Wakaondoka. Nimetabasamu, nikajua watarudi kusisitiza. Vijana wa siku hizi hawana ubishi kabisa. Hawakurudi.

Jioni mlinzi kanieleza. Wametembea kutoka ng'ambo ya mto, wametaka umeme wa jua, hawakutaka kitu kingine. Nimemuuliza kwa nini hakuniita. Kasema tangazo lina mwandiko wangu, na yeye hana mamlaka ya kumbishia mwalimu. Nimekimbia barabarani na kikombe mkononi. Hapakuwa na mtu.

Nyumbani nimesimulia, nikitegemea japo pole. Mke wangu kafunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yanamtikisika. Kitinda kacheka mpaka kapaliwa. Alipopata pumzi kauliza: sasa Baba, kama zimejaa, mimi nijiandikishe wapi? Nimemwambia utani una mahali pake. Nimemuuliza fomu ya utawala imefikia wapi. Kasema ipo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mkutano wa wazazi. Nimepewa dakika kumi baada ya Mwalimu wa Keki, ambaye hakusema lolote, kagawa vipande tu. Ukumbi mzima umenisikiliza ukitafuna.

Hata hivyo nimesema vizuri. Nakiri mwenyewe. Nimewaambia kuna kazi ambazo mtoto atazitafuta na kuna kazi ambazo zitamtafuta mtoto, na hii ndiyo inayomtafuta. Nimewaambia mafuta yatapanda bei lakini jua halijawahi kugoma. Nimewaambia waache kuona aibu, mkono wa fundi una heshima sawa na mkono wa karani. Fomu zipo hapa mbele, mzazi atie saini tu, kalamu haiumi. Wazazi wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Baba mmoja kaweka keki chini. Nikasema moyoni, Mwalimu wa Keki, kazi unayo.

Ndipo kasimama mama mmoja wa miwani, mstari wa tatu. Kauliza kwa adabu zote: mwalimu, na wako anasomea nini?

Nikasema wangu wakubwa wameshaanza maisha. Akauliza, na mdogo? Nikasema mdogo bado anatafakari. Hapo mlinzi, ambaye yuko mlangoni kulinda na si kuchangia, kasema kwa sauti ya kusaidia: yule anakwenda chuo cha utawala wa ofisi, fomu yake niliichukua mimi.

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Kisha wakacheka. Wala si kwa ubaya, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Baba yule kachukua keki yake. Mama wa miwani kakaa chini.

Kwenye kutoka, mama wa mwanafunzi wangu mmoja kanivuta pembeni akaomba jina la mwanawe lifutwe. Nimebaki na mmoja.

Watu hawa hawaelewi. Kitinda ana akili. Ni jambo tofauti.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Maneno basi. Vitendo. Nimepeleka paneli moja getini nikaiegemeza kwenye stuli, nikatoa waya wa soketi nyingi, nikatangaza: chaji simu bure, jua linalipa. Sikuweka betri, nimetaka waone jua lenyewe likifanya kazi.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye mchora mabango. Kanichorea bango la upana wa mita tatu: KIJANA, UFUNDI NI HESHIMA. Nimelisimamisha juu ya nguzo mbili nyuma ya paneli, lisomeke kutoka barabarani.

Saa mbili asubuhi vijana walikuwa wengi mpaka wamezidi soketi. Saa nne simu zote zimekata chaji. Nimekaza waya. Nimebadilisha waya. Nimebadilisha soketi. Nimebadilisha kile kifaa cha katikati kinachodhibiti umeme, cha pili nacho nikakiona kibovu. Jasho linanitoka, vijana wananitazama, mmoja anauliza kama jua limeishiwa salio. Nimemtuma mlinzi akamuulize Mwalimu wa Keki kagusa nini. Kajibu kwamba kagusa unga.

Kitinda kaniletea chakula. Kasimama, kaangalia, kasema: Baba, bango. Nimemwambia asiniingilie kazini. Kasema tena: Baba, bango lako. Kaweka bakuli chini, kaishika paneli kwa mikono miwili, kaisogeza hatua mbili mbele. Simu zote zikalia kwa pamoja.

Jua lilishahama. Kivuli cha bango kilikuwa kimelala juu ya safu ya chini ya paneli. Safu moja tu, na inatosha kunyonga paneli nzima. Hilo ni somo la kwanza la kozi yangu. Nalifundisha siku ya kwanza, saa ya kwanza, naliandika ubaoni na kulipigia mstari: usifunge paneli penye kivuli.

Nimeona haya. Nimeona haya mpaka masikio yamewaka moto. Vijana wamecheka, kisha binti mmoja akauliza imekuwaje kivuli kidogo vile kizime paneli kubwa vile, na Kitinda akaanza kumweleza. Mimi nimechukua bakuli langu nikaenda kula karakana.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mkuu kaniagiza niandike orodha ya vifaa vya kukabidhi. Siku ya pili hii niko ofisini kwake kwenye meza ya pembeni. Ngazi tatu. Koleo saba. Bisibisi kumi na tisa, mbili hazina mpini. Kila nikiandika kitu nakumbuka nani alikishika. Ile ngazi ndefu ililetwa na mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa, ambaye sasa ana gari lake na vijana sita chini yake. Nimeandika "ngazi" nikaiacha kalamu kidogo.

Paneli bado iko getini. Kitinda kaomba aiangalie wakati nikiandika, nikakubali kwa sababu lazima mtu azuie wezi. Lakini kutoka dirishani naona kundi la vijana wazembe limemzunguka tangu jana. Anafunika kona ya paneli kwa kiganja, wote wanainama kutazama mita, mita yangu niliyomnyang'anya, kisha wanapiga kelele. Anatoa kiganja, kelele tena. Wanabashiri namba. Wanacheza kamari na kifaa cha serikali.

Nimemtuma mlinzi akawatawanye. Kakaa huko saa nzima. Karudi kasema hakuwatawanya kwa sababu simu yake ilikuwa haijajaa. Halafu kaniuliza kama najua kwamba ukiweka kofia moja tu juu ya paneli umeme unashuka karibu nusu. Mtu huyu kanifungulia geti miaka kumi na minne, na hajawahi kuniuliza swali lolote la kitaalamu.

Nimerudi kwenye orodha. Mikanda ya kupandia, mitano.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Naandika kabla hata sijavua kofia.

Asubuhi nimeingia karakana nimemkuta Mwalimu wa Keki na utepe wa kupimia. Kaandika kwa chaki ukutani mwangu: JIKO 1, JIKO 2. Kaniomba radhi, kasema Mkuu ndiye aliyemtuma. Nimemwambia apime tu, ukuta hauna uchungu. Mimi ndiye nilikuwa nao.

Saa tatu mlango umegongwa. Yule binti wa kalamu kwenye nywele, na wale ndugu wawili. Nimedhani naota. Nyuma yao wengine wanne. Baadaye watatu, na mmoja kati yao ndiye yule niliyemfuta jina Jumamosi, kaja na mama yake anayetazama chini. Wote fomu zimejazwa, wazazi wametia saini. Kila mmoja kauliza swali lile lile: dada wa paneli atakuwepo? Binti wa kalamu kasema dada huyo kamuuliza mlinzi njia, akawafuata mpaka ng'ambo ya mto kuwaambia nafasi hazijajaa.

Nimewaandika. Jumla, pamoja na yule wangu mmoja, kumi na mmoja. Saa tisa kasoro. Kumi na mmoja.

Nimetoka barabarani nikamkamata mkono kijana wa kwanza niliyemwona. Mwanafunzi wa keki. Nimemwandika mlinzi, kakubali kwa furaha, tayari ana kalamu. Mkuu, aliyekuja na mhuri wake kukagua rejista, kasema mwisho ni miaka thelathini na mlinzi ana wajukuu wanne. Saa tisa na nusu. Mwalimu wa Keki kasimama mlangoni kaukunja utepe, hapimi tena.

Kitinda kasimama mbele ya meza. Nimemwambia apishe, hapa kuna shughuli. Kaweka fomu.

Imejazwa yote, kwa mwandiko wake ule mzuri. Kozi: ufundi wa umeme wa jua. Si ya utawala, ni ya kwangu. Tarehe aliyoandika juu ni nne Machi, nadhani kakosea. Sehemu moja tu ilikuwa wazi. Saini ya mzazi.

Nimemwambia kwa sauti ya chini kwamba tulikubaliana. Kasema, tulikubaliana Baba, na siku ile ukumbini sikuwepo lakini wameniambia ulisema vizuri sana. Kasema anachotaka ni kupanda paa na kujua kwa nini kitu kimezima. Hakupandisha sauti. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta.

Watu wote wananitazama. Mkuu anatazama saa. Nimeshika kalamu nikaona mbele yangu mtoto wangu juu ya bati la moto, na wenzake wote chini kwenye kivuli, kwenye viti vya kuzunguka. Niliwaambia wale wazazi kalamu haiumi. Inauma.

Nimetia saini. Saa kumi kasoro dakika sita. Mkuu kapiga mhuri. Mwalimu wa Keki kachukua kitambaa kafuta chaki ukutani mwenyewe, kisha kaniletea keki nzima. Nimeila mbele yake.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Somo la kwanza. Nimechora ubaoni ule mchoro ninaouchora kila mwaka. Kitinda kanyoosha mkono, kasema waya wa pili unaingia upande usio wake. Nimeangalia. Kweli. Umekuwa ukiingia upande usio wake miaka yote hii. Darasa limecheka, nami nimejikuta kifua kimejaa. Nimejisikia fahari mpaka nimegeukia ubaoni kujifanya natafuta chaki.

Mkuu kauliza nini hasa kiliwavuta vijana hawa. Nimemjibu bila kusita: bango. Tayari nimemwagiza Shemeji jingine la mita sita. Nitalisimamisha pale pale nyuma ya paneli, lisomeke mpaka sokoni. Tatizo halikuwa vijana. Tatizo ni wazazi, wana kiburi, wanawapeleka watoto maofisini kama vile mkono mchafu ni ugonjwa. Nitawaambia tena kwenye mkutano ujao, na safari hii mlinzi atakaa nje.

Jioni nzima nimemfikiria Kitinda. Ana mkono mtulivu. Ana jicho. Anaeleza jambo likaeleweka hata na mlinzi. Akili ya namna hiyo haizaliwi kila siku, na ni dhambi kuiacha ipotee juu ya mapaa ya watu.

Kwa hiyo nimeamua. Amalize muhula huu, rejista ikae salama, kisha namhamishia chuo cha utawala wa ofisi. Mlinzi kaniletea fomu nyingine leo. Nimeiweka juu ya kabati, na sehemu ya saini ya mzazi nimeshaijaza.